Watoto 80 siku ya kwanza, 22 siku ya mwisho: kupanga masomo ya vakansi Lubumbashi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa primeri katika komini ya Katuba. Mwaka jana, pamoja na walimu wenzangu watatu na vijana wa parokia, tulifungua masomo ya vakansi bila malipo kwa watoto wa darasa la tatu hadi la sita. Siku ya kwanza walikuja 80. Siku ya kufunga walibaki 22, na wengi wao ni wale ambao tayari walikuwa wanajua kusoma. Mwaka huu tumepata pesa kidogo. Wakati huohuo nimealikwa kwenye mkutano wa watu wa elimu huko Lusaka, mwezi wa tano. Nauli, malazi na ada vitakula karibu nusu ya pesa hiyo. Tupange vipi vakansi hii, na huo mkutano niende?" Mama mwalimu, Katuba.

Mama Mwalimu, watoto 58 hawakuondoka kwa siku moja, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Lakini sababu zenyewe si nyingi, na karibu zote zinaonekana kabla Julai haijafika. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mahudhurio. Uji, karatasi za kusomea, michezo, hata safari ya Lusaka, vyote uvipime kwa swali moja: je, vitamrudisha mtoto yuleyule kesho asubuhi?

Kuna namba inayosaidia hapa, nayo ni 20. Huko Marekani, kuanzia 2011, taasisi ya utafiti ya RAND ilifuatilia masomo ya vakansi katika miji mitano: Boston, Dallas, Jacksonville, Pittsburgh na Rochester. Maelfu ya watoto waliomaliza darasa la tatu waligawanywa kwa kura, wengine wakapata nafasi, wengine wakakosa. Waliokuja siku 20 au zaidi ndio waliopata faida ya kuonekana, hasa katika hesabu. Waliokuja siku chache hawakutofautiana na waliobaki nyumbani. Watafiti hao walishauri pia kwamba mpango uwe wa wiki tano au sita, na kwamba mtoto apate angalau saa 25 za hesabu na saa 34 za kusoma na kuandika katika vakansi nzima. Takwimu ni za Marekani na shule zao si kama zetu, lakini kipimo cha muda kinafaa popote, maana mtoto hawezi kujifunza somo ambalo hakuwepo.

Sasa tupange siku. Mkisoma siku nne kwa wiki kwa wiki tano, jumla ni 20 kamili. Mtoto akiugua malaria siku tatu tu, ameshuka chini ya kipimo. Mkisoma siku tano kwa wiki, jumla ni 25, na kila mtoto ana nafasi ya kukosa mara tano bila kupoteza faida. Ndiyo maana nakushauri siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, hata kama itabidi mpunguze idadi ya watoto ili pesa itoshe. Watoto 60 wanaokuja siku 20 ni kazi kubwa kuliko 120 wanaokuja siku nane.

Mwaka wetu wa shule hapa Kongo kwa kawaida unafungwa tarehe 2 Julai na shule zinafunguliwa wiki ya kwanza ya Septemba. Anzeni Jumatatu ya pili ya Julai, si mapema zaidi. Wiki ya kwanza baada ya proklamasio ya matokeo ni ya furaha, machozi na safari. Hakuna anayekaa darasani. Ukihesabu wiki tano kutoka hapo, unamaliza katikati ya Agosti, na hapo ndipo pa kumalizia. Baada ya hapo wazazi wanaanza kutafuta pesa ya ada, ya yunifomu na ya daftari, watoto wakubwa wanatumwa kuuza vitu ili wasaidie, na madarasa yanabaki matupu hata mkiwa na mwalimu bora wa mji. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi na mababu, watu wanakwenda kusafisha makaburi. Ikiangukia katikati ya wiki, ihesabu kama siku iliyopotea tangu mwanzo, na ongeza siku moja mwishoni.

Saa ya kuanza pia ina uzito wake. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto mwenye shati moja hatoki nyumbani saa moja na nusu. Fungueni mlango saa 2:30, somo lianze saa 2:45. Kusoma na kuandika kuanzia saa 2:45 hadi 4:10. Uji hadi 4:30. Hesabu hadi 5:35. Kisha michezo, nyimbo, kazi za mikono au jaribio dogo la sayansi hadi saa 6:30 mchana. Dakika 85 za kusoma kwa siku 25 zinakupa saa 35 na zaidi. Dakika 65 za hesabu zinakupa saa 27. Umefika kwenye kipimo, na kidogo kimebaki kwa siku mbaya. Lakini angalia: mkichelewa kuanza dakika 20 kila siku, kufikia mwisho mmepoteza saa 8 na dakika 20, karibu robo ya muda wote wa kusoma. Uchelewaji huo kwa kawaida hautoki kwa watoto. Unatoka kwa mtu mwenye funguo za darasa. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wanaokaa karibu na shule.

Uji nimeuweka katikati kwa makusudi. Ukitolewa mwanzoni, wapo wanaokunywa na kuondoka. Ukitolewa mwisho, wanakuja saa tano. Kwa watoto 60, kikombe cha mililita 250 ni lita 15 kwa siku. Unga wa mahindi uliochanganywa na soya, gramu 40 kwa kila mtoto, ni kilo 2.4 kwa siku, yaani kilo 60 kwa siku 25. Sukari gramu 15 kwa mtoto ni kilo 22 na nusu kwa mpango mzima. Nunueni mahindi Juni, baada ya mavuno, wala msingojee. Unga wetu unategemea sana mpaka wa Zambia na bei yake hupanda bila kubisha hodi. Magunia yalale juu ya mbao, mbali na ukuta. Makala ya kupikia jaribuni siku tatu kabla ya kufungua ili mjue gunia moja linadumu siku ngapi kwenye jiko lenu, maana kila mtu atakutajia hesabu yake. Maji ya kunywa yawe lita moja kwa mtoto, yaani bidoni tatu za lita 20 kila siku, yamechemshwa au yametiwa dawa, na bidoni nyingine mbili na sabuni kwa kunawa mikono. Kipindupindu kinalijua jimbo letu la Haut-Katanga vizuri. Mpango wa vakansi usio na maji na sabuni usifunguliwe.

Tuje kwenye uandikishaji, maana hapa ndipo mwaka jana mlipoteza vita bila kujua. Katika miji ile ya Marekani, karibu mtoto mmoja kati ya watano walioandikishwa hakuonekana hata siku moja. Kwa hiyo mkitaka 60, andikisheni 75. Andikisheni Mei na Juni, kabla ya proklamasio, na mwandikishaji akae na mzazi, si na mtoto peke yake. Maswali yawe manne. Mtoto atasafiri vakansi hii, lini, na atarudi lini? Nani anamtuma kuuza, na saa ngapi? Ana mdogo wake anayemlea mchana? Namba mbili za simu ni zipi, moja ya mzazi na moja ya jirani?

Majibu yatakufundisha mengi. Mtoto anayekwenda kwa bibi Likasi au Kasenga kwa mwezi mzima hamtampata; mwandike kwenye orodha ya kusubiri na nafasi yake mpe mwingine. Asiwe jina linaloharibu rejista. Msichana anayelea mdogo wake atakuja kama mdogo naye ana pa kukaa: mkeka mmoja chini ya mti, mama mmoja mwenye subira, makopo na vizibo vya kuchezea. Nafasi hiyo ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote kwenye bajeti yenu, na bila hiyo wasichana wa miaka kumi na kumi na mmoja watapungua kila wiki. Anayeuza anaweza kuuza alasiri. Ndiyo sababu nyingine ya kumaliza saa 6:30.

Masomo yabaki bure, lakini mzazi atoe kitu, hata kidogo: fagio, kilo ya mahindi, kikombe cha mtoto chenye jina. Aliyetoa kitu anauliza kesho mambo yanaendaje. Na mpeni karatasi moja ya makubaliano, kwa Kiswahili, yenye tarehe zote 25 na mstari usemao kwamba mtoto akikosa siku tatu bila taarifa, nafasi yake itapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Msiandike hivyo kama hamtatekeleza.

Kisha fanyeni jambo ambalo linashinda zawadi zote: watoto watembee kwa avenyu. Kwenye kila avenyu yenye watoto sita hadi kumi, mama mmoja au kijana mkubwa anawapitia mlangoni kwa zamu ile ile kila siku na kuwaleta pamoja. Mtoto anayeitwa kwa jina mlangoni saa mbili asubuhi habaki kitandani. Atakayewapitia apewe kredi ya simu kila Ijumaa. Darasani, rejista ipigwe saa 3:00 kamili, na kabla ya saa 5 mtu mmoja awe amepiga simu kwa kila asiyekuja. Siku ya pili ya kukosa, anatembelewa nyumbani. Hii si ukali. Mara nyingi utakuta mtoto ana homa, au viatu vimekatika, au kakemewa darasani na mtu, na hilo la mwisho ni lazima ulijue siku hiyohiyo.

Sasa kwa nini waliobaki walikuwa wale wanaojua kusoma? Kwa sababu yawezekana mlifundisha programu ya darasa la tano kwa watoto wa darasa la tano. Yule asiyeweza kusoma neno alikaa wiki moja akitazama ubao, akaelewa kwamba vakansi imekuwa shule nyingine ya kumwaibisha, akaondoka kimya. Dawa yake ni kugawanya watoto kwa kiwango chao, si kwa darasa lao. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo kwa miaka mingi, pamoja na kambi fupi za kujifunza, na jirani zetu wa Zambia walianza njia hiyo hiyo mwaka 2016 katika mpango wa serikali uitwao Catch Up.

Kipimo ni rahisi. Mtoto anakaa na mtu mzima mmoja, pembeni, dakika sita hivi. Mpe aya ya sentensi nne fupi. Akiisoma kwa mtiririko, bila makosa zaidi ya matatu, mpe hadithi ya sentensi nane hadi kumi. Aya ikimshinda, mpe maneno: akipata manne kati ya matano, yuko kwenye kiwango cha maneno. Yakimshinda, mpe herufi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hesabu, anza na kutambua namba za tarakimu mbili, kisha kutoa kwa kukopa, kisha kugawanya. Watoto 60 kwa dakika sita ni saa sita za kazi. Waongozaji wanne wanamaliza kwa saa moja na nusu.

Pimeni kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kila lugha kivyake. Watoto wengi wa Katuba wanafikiri kwa Kiswahili, lakini wamefundishwa kusoma kwa haraka katika Kifaransa wasichokisikia nyumbani. Mtoto ambaye hajaweza kuunganisha silabi, mfundishe kwa Kiswahili wiki tatu za kwanza. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na neno *ka-la-mu* atalisikia sikioni kabla ya kulisoma. Akishajua siri ya kuunganisha, Kifaransa kitakuwa kazi ya kujifunza tofauti: *ou*, *eau*, *an*, herufi zinazonyamaza. Wazazi watalalamika kwamba wanataka Kifaransa. Waelezeni siku ya uandikishaji, na waonyesheni mtoto mmoja akisoma. Na msisahihishe Kiswahili cha mtoto kila anapofungua mdomo. Anayesema *batoto* anajua kabisa anachosema, na kwenye karatasi atakutana na *watoto* taratibu.

Makundi yawe manne, 15 kila moja, na yasiitwe la kwanza, la pili, la tatu. Yaiteni kwa miti: Musuku, Mupundu, Mwembe, Mparachichi. Siku ya 10 na siku ya 18 pimeni upya na mhamishe waliopanda. Mtoto anayehamia kundi jipya katikati ya vakansi anakwenda nyumbani akikimbia, na kesho yake hakosi.

Vifaa si vingi. Kibao kidogo cha kuandikia na chaki kwa kila mtoto, daftari mbili, kalamu za risasi mbili kwa kila mmoja na 25 za akiba, maana zinapotea. Kwa kila kundi, vijiti 100 na mipira ya kufungia kumi kumi. Kutoa kwa kukopa kunaeleweka siku mtoto anapofungua fungu la kumi kwa mikono yake. Hadithi 12 fupi, nakala 30 kila moja, ili watoto wawili washike karatasi moja. Pigeni fotokopi zote wiki mbili kabla, kwa sababu umeme unaweza kukatika siku tatu mfululizo na mashine ya jirani nayo itakuwa imekwama kwa wino.

Waongozaji, wale tunaowaita animateri, wawe sita: wanne wa makundi, mmoja wa akiba, mmoja wa rejista na simu. Watafuteni kati ya finalisti waliomaliza Egzame d'Etat, mtihani wa mwisho wa sekondari, na wanafunzi wa chuo cha walimu, Institut Supérieur Pédagogique. Kijana mwenye subira ni bora kuliko mwenye diploma anayepiga kelele. Wafundisheni siku tatu nzima: siku ya kwanza wapime watoto halisi kumi na tano, si kuambiwa tu, siku ya pili kila mmoja afundishe somo la dakika 20 mbele ya wenzake, kisha alirudie, siku ya tatu ni usalama. Posho ilipwe kila Ijumaa, mtu aweke sahihi. Posho inayongoja hadi mwisho ndiyo inayowafanya watoweke wiki ya nne, na mwongozaji akitoweka, watoto wake 15 wanamfuata.

Kuhusu usalama sitasema mengi, ila haya yashikwe. Fimbo hapana, hata ya kutishia. Hakuna mtu mzima peke yake na mtoto mahali palipofungwa. Hakuna mtoto kutumwa nyumbani kwa mwongozaji, kwa sababu yoyote. Vyoo vya wasichana viwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Picha za watoto zisipigwe bila sahihi ya mzazi. Barua ziende kwa burgmesta wa komini, kwa chifu wa kartie, kwa ofisi ya elimu na kwa ofisi ya mambo ya jamii (Affaires sociales), nakala mbili mbili, moja irudi kwenu na muhuri. Zipelekeni Mei. Kibali kinachotafutwa Julai kina bei yake.

Matembezi yawe moja tu, na yawekwe wiki ya tatu, maana hapo ndipo mahudhurio yanalegea. Yakiwekwa mwisho yanawanufaisha waliobaki tu. Makumbusho ya taifa ya Lubumbashi au bustani ya wanyama vinatosha. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane, na kabla ya kwenda kila kundi liandike maswali matatu ya kuuliza huko. Kuhusu fulana zenye maandishi na sherehe kubwa ya kufunga, msimamo wangu ni mkali: ziacheni. Mipango mingi inapoteza wiki mbili za mwisho kwa mazoezi ya nyimbo za wageni wa heshima, na pesa ya fulana ingelipa simu na uji wa siku nyingi. Siku ya 25 waiteni wazazi saa nne, kila mtoto amsomee mzazi wake ukurasa mmoja. Kipimo cha mwisho mkifanye siku ya 24, mkiwa na utulivu.

Matokeo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja: walioandikishwa, waliokuja siku ya kwanza, waliofikisha siku 20, na kiwango cha kila mtoto mwanzoni na mwishoni. Watenganisheni waliofikisha siku 20 na wasiofikisha. Na mtakapoomba pesa tena, msinakili asilimia za Marekani kuhusu kiasi watoto wanachosahau wakati wa vakansi. Utafiti maarufu wa Baltimore, ulioanza 1982, ulionyesha pengo kubwa kati ya watoto wa maskini na wengine; lakini tangu hapo watafiti wenyewe wanabishana kama vipimo vya zamani vilikuwa sahihi. Ukurasa wenu wa Katuba una nguvu zaidi.

Ukurasa huo ndio unaonipeleka kwenye swali lako la Lusaka. Mwaka huu, kwa nusu ya pesa yenu, usiende. Sisemi mkutano hauna maana. Muda wake haufai. Chama cha Marekani kinachoshughulikia masomo ya vakansi, National Summer Learning Association, hukutana katika majira ya vuli, baada ya watoto kurudi shule: watu wanakuja na matokeo mikononi, wanabadilishana, kisha wanarudi kupanga. Na RAND ilishauri mipango ianze Januari au kabla. Mkutano wa Mei unakukuta katikati ya kuandikisha watoto, umeshachagua waongozaji, umeshapiga hesabu ya unga. Utakachojifunza hutakitumia hadi mwaka ujao, na kazi ya uandikishaji, ambayo ndiyo moyo wa jambo, itafanywa na watu wengine wewe ukiwa njiani.

Ukilipiwa, ni habari nyingine. Waandikie waandaaji wiki hii: eleza kazi yenu kwa mistari kumi, toa namba za mwaka jana bila kuzificha, 80 na 22, na omba mambo matatu, yaani kusamehewa ada, malazi, na nafasi ya kueleza kwa dakika kumi kwa nini watoto waliacha. Mtu anayekuja na tatizo lililohesabiwa vizuri hupewa nafasi upesi kuliko anayekuja kusikiliza tu. Kabla ya kukubali, hesabu na gharama zisizoandikwa kwenye mwaliko: pasipoti, viza kama inatakiwa, kadi ya njano ya chanjo, usiku mmoja wa ziada kwa sababu ya foleni ya mpakani Kasumbalesa, chakula cha njiani hadi Kitwe, Ndola na Kabwe, na mtu wa kushika nafasi yako darasani.

Ukiwa huko, usikae kwenye hotuba za ukumbi mkubwa siku nzima. Chagua vikao vidogo viwili kwa siku, vile vinavyoonyesha kazi, na tafuta watu watano wanaofanya unachofanya. Waombe wakuonyeshe vitu vitatu: rejista ya mahudhurio, ratiba ya siku moja, na bajeti iliyotumika kweli. Rejista yenye mapengo itakufundisha zaidi ya picha za watoto wanaocheka. Omba pia kuona somo katika shule inayotumia Catch Up. Kama masomo yao ya muhula wa pili yameshaanza, utaona watoto halisi. Kila jioni andika nusu ukurasa: nimeona nini, tutabadilisha nini, nani atafanya. Na ndani ya siku kumi za kurudi, kaa na waongozaji wako saa mbili, uwafundishe jambo moja kwa vitendo. Mambo kumi na tano yatabaki kwenye daftari.

Lakini mkutano ambao ningependa uufanye uko hapa hapa mjini, na ni wa bei ya chai na mkate. Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba, kisha nyingine Februari, saa nne kila mara, ukumbi wa shule. Waalike watu 20 hadi 25 wanaoshika watoto wakati wa vakansi: wa *plaine de jeux* (michezo ya watoto ya vakansi) za Wasalesiani, skauti, makanisa, madirekta wa shule za komini za Katuba na Kenya, mtu wa maktaba ya kituo cha utamaduni cha Halle de l'Étoile, mtu wa makumbusho. Kila mmoja aje na rejista yake, ratiba yake, na jambo moja lililomshinda. Sehemu ya kwanza ni ya yale yaliyoshindwa, dakika saba kwa kila mtu, bila hotuba. Sehemu ya pili, mwezi Februari, ni ya kugawana tarehe na avenyu, ili watoto wale wale wasialikwe na watu watatu kwa wiki moja na wengine wasialikwe na mtu yeyote. Hilo pekee linaweza kueleza baadhi ya watoto wako 58: huenda walikuwa kwenye mpira wa parokia ya jirani.

Kwa hiyo, Mama Mwalimu, barua ya Lusaka itoke kabla ya Ijumaa, na wakikataa kulipa, ile nusu ya pesa ibaki kwenye unga, kredi ya simu na posho za Ijumaa. Jumatatu anza na direkta wa shule: tarehe zote 25 za masomo kwa maandishi, funguo mbili, na fundi wa ule mlango wa choo cha wasichana.